Mali bila Daftari: Chama cha Msingi Siku Intaneti Inapokatika

Jumapili, tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, yaani EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Katika Tanzania na nchi kadhaa za jirani intaneti ilidhoofika mno, na mahali pengine ikatoweka kabisa. Tukio hilo lilionyesha kwamba kuyafikiria maisha ya kila siku bila intaneti si ndoto ya mtu asiye na kazi. Kwa vyama vya msingi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa linagusa kilo za mkulima na fedha zake.

NJIA IPITAYO HABARI

Watu wengi hudhani kwamba intaneti huelea hewani. Ukweli ni kwamba hewani husafiri kipande kifupi tu, kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara. Baada ya hapo habari nyingi hupita katika nyaya nyembamba za kioo, zilizofukiwa ardhini au kulazwa chini ya bahari. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, ambazo huduma yake ilikuwa ghali na ya polepole. Mkongo wa Seacom ulianza kazi mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010.

Mikongo hiyo hukatwa na nanga za meli, nyavu za wavuvi na maporomoko ya chini ya bahari. Tarehe 15 Januari, 2022, volkano ililipuka katika visiwa vya Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, na kuukata mkongo pekee uliowaunganisha wenyeji na ulimwengu. Ilipita zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mkongo huo kurudi kazini. Hata nchi kavu, jembe la mchimba mtaro au kukosekana kwa umeme huweza kuleta shida ileile katika wilaya moja.

YANAYOSIMAMA NA YANAYOENDELEA

Ni muhimu katibu atofautishe intaneti na simu. Mkongo wa baharini ukikatika, barua pepe, makundi ya WhatsApp na habari za bei kutoka masoko ya New York na London huweza kusimama, kwa sababu mashine nyingi zinazovihudumia vitu hivyo ziko ng'ambo. Lakini mazungumzo ya simu na ujumbe mfupi wa maandishi baina ya watu wa nchi moja mara nyingi huendelea. Vivyo hivyo, huduma ya fedha kwa simu ambayo mwanachama huitumia kwa kubonyeza nyota, tarakimu na reli haihitaji intaneti katika simu yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, wakati ambapo wakulima wengi hawakuwa na intaneti mikononi.

Mambo yanayodhurika zaidi ni yale ambayo chama kimeyaweka mahali pamoja tu. Chukua mfano wa mwanachama aletaye korosho kilo 186 siku ya Jumatatu. Karani wa mizani anaziingiza kilo hizo katika mashine, wala hamwandikii stakabadhi. Jumanne mawasiliano yanakatika kabla kumbukumbu haijafika makao makuu. Wakati wa malipo jina lake lina kilo 86. Mwanachama ana kauli yake, karani ana kauli yake, na hakuna karatasi ya kuwaamua. Hapo imani ya wanachama huvunjika, na chama kisichoaminiwa na wakulima wake huwaona wakiuza mazao yao kwa walanguzi usiku.

KAZI ILIVYOFANYWA ZAMANI

Chama Kikuu cha Ushirika cha Wakulima wa Kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Kwa miongo mingi kahawa ya wakulima ilipimwa, ikakusanywa na kuuzwa nchi za nje kwa kutumia vitabu, barua, simu za maandishi na simu za mezani. Mizani ilikuwa na kitabu chake, ghala lilikuwa na daftari lake, na fedha zilikuwa na leja yake. Mkaguzi aliweza kulinganisha vitabu hivyo vitatu na kuona palipopotoka.

Hata hivyo, zama hizo zisisifiwe kupita kiasi. Habari ya bei ilichelewa njiani, malipo yalisubiriwa kwa muda mrefu, na kalamu ya mwizi iliweza kufuta na kuandika upya. Leo mnada wa mazao unaofanywa kwa njia ya intaneti kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huwawezesha wanunuzi walio mbali kushindana, na bei hujulikana siku hiyohiyo. Kwa hiyo busara si kuikataa intaneti, bali ni kuhakikisha kwamba chama hakikwami inapokosekana.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, kila mzigo upitao mizanini uandikiwe stakabadhi ya mkono kwa karatasi ya kaboni: nakala moja apewe mwanachama, ya pili iende ghalani, na ya tatu ibaki kitabuni. Kazi hiyo ifanyike kila siku, kwani kitabu kinachofunguliwa siku ya shida tu huwa hakina habari za jana.

Pili, orodha ya wanachama, hisa na mikopo yao ichapwe kila mwisho wa mwezi, itiwe sahihi na katibu na mwenyekiti, kisha ifungiwe kabatini.

Tatu, namba za simu za chama kikuu, benki, ghala kuu na afisa ushirika ziandikwe ubaoni ofisini, zisibaki katika simu ya mtu mmoja.

Nne, mkutano mkuu uamue mapema nani atatoa idhini ya malipo endapo mfumo hautapatikana, na kwa vocha ipi. Uamuzi wa namna hiyo ukifanywa siku ya msukosuko huzaa manung'uniko.

Tano, mawasiliano yakirudi, maandishi ya mkono yaingizwe katika mfumo mbele ya mjumbe mmoja wa bodi, na jumla za pande zote mbili zilinganishwe.

Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfumo wa kompyuta ni daftari zuri na la haraka, lakini ufunguo wake uko mbali na kijiji. Mwanachama aliyebeba gunia lake hadi mizanini anastahili kuondoka na karatasi itakayomtetea, mkongo ukiwa mzima au umekatika.