Noti tatu za Arvo Pärt

Hata kama jina la Arvo Pärt ni geni kwako, huenda muziki wake umeshausikia. Waongozaji wa filamu wanaotaka kuonyesha msiba au mtu aliyesimama dirishani akiwaza hukimbilia kipande chake cha mwaka 1978, Spiegel im Spiegel: piano inadondosha noti tatu tatu, fidla inavuta noti moja moja ndefu juu yake. Mitandaoni kimepangwa pamoja na muziki wa kulalia. Sina ugomvi na mtu anayetafuta usingizi, ila anayemsikiliza Pärt kwa nia hiyo anapitwa na jambo lenyewe. Muziki huu umefungwa kwa kanuni kali kuliko sehemu kubwa ya muziki wa zama zetu, na upole wake unatoka humo humo kwenye kanuni.

Wanakwaya wataielewa kanuni hiyo upesi, kwa sababu solfa inatosha kuieleza. Chukua sauti mbili. Ya kwanza inatembea ngazi kwa ngazi, tuseme inashuka: la, so, fa, mi, re, do, ti, la. Ya pili haina ruhusa ya kutembea inakotaka. Imepewa noti tatu tu, la, do na mi, na agizo moja: kila mwenzako anapotoa noti, wewe toa yako iliyo karibu naye zaidi kwa chini. Akiimba so, unaimba mi. Akishuka fa, bado uko mi, na hapo mnakwaruzana vibaya, maana fa na mi zimeachana nusu hatua tu. Akifika mi, wewe unashuka do, mkwaruzo unaisha. Akienda re, wewe ungali do, mnakwaruzana tena ingawa si kwa ukali ule wa kwanza. Mtunzi hakukaa kuchagua wapi paume na wapi papoe. Akishaweka kanuni, mengine yanajitokeza. Pärt aliuita mtindo huu tintinnabuli, yaani kengele ndogo ndogo kwa Kilatini. Nora, mkewe, aliueleza kwa hesabu: moja jumlisha moja ni moja, yaani sauti mbili zinakuwa kitu kimoja.

Hakufika hapo kwa urahisi. Alizaliwa mwaka 1935 mjini Paide, Estonia, akakulia Rakvere, nyumbani kwenye piano ambayo noti zake za katikati zilikuwa mbovu, hivyo akazoea kupiga za juu kabisa na za chini kabisa. (Waandishi wa maisha yake wanaipenda mno habari hii, ila kwangu mimi, miaka yake ya ufundi sauti katika redio ya Estonia ina uzito zaidi.) Alisomea utunzi Tallinn chini ya Heino Eller. Nchi ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, na Nekrolog, kazi yake ya okestra ya mwaka 1960 iliyotumia mfumo wa noti 12, ilimletea karipio kutoka kwa wakuu wa muziki. Mwaka 1968 ikaja Credo, ambamo kwaya inatamka waziwazi kumwamini Yesu Kristo. Neeme Järvi aliongoza onyesho la kwanza Tallinn, kisha kazi hiyo ikazuiwa.

Hapo Pärt karibu anyamaze. Ukiondoa Simfoni ya Tatu ya mwaka 1971 na vipande vichache, kwa takriban miaka minane alijaza madaftari kwa mistari ya sauti moja, akichambua nyimbo za Kigregori na kazi za watunzi wa kale kama Machaut na Josquin, kama mtu aliyerudishwa darasa la kwanza. Katika kipindi hicho alijiunga na Kanisa la Othodoksi. Mwaka 1976 akatoa Für Alina, piano peke yake, kurasa mbili. Mwaka uliofuata zikamiminika: Fratres, Tabula Rasa, na ile ninayoiona kuwa mlango mzuri zaidi wa kuingia katika muziki wake, Cantus, aliyomwandikia Benjamin Britten, mtunzi wa Uingereza aliyefariki Desemba 1976 kabla hawajakutana.

Cantus ina kengele moja na ala za nyuzi, basi. Makundi matano yanashuka ngazi ile ile ya la: kwanza noti moja, kisha mbili, kisha tatu, kila mara yakianzia juu. Fidla za kwanza zinakwenda mbio kuliko zote. Kila kundi linalofuata linakwenda kwa nusu ya mwendo wa lililotangulia, hadi besi zinazotumia muda mara 16 kwa hatua ile ile. Sikiliza besi zikichelewa na utaelewa kwa nini dakika sita zinahisi kama saa nzima. Mwishoni nyuzi zote zinavuma kwa nguvu, na ndani ya mvumo huo kengele inagongwa kwa upole bila mtu kuisikia, mpaka nyuzi zinyamaze ghafla.

Januari 1980 familia ilihamia Vienna, halafu Berlin, na santuri ya Tabula Rasa iliyotolewa na kampuni ya ECM mwaka 1984 ikamfikisha duniani. Sasa amerudi kwao, na tangu 2018 hifadhi ya kazi zake iko wazi kwa umma Laulasmaa, kando ya bahari.

Walimu wa kwaya wanaotaka kumjaribu wachukue Da pacem Domine, sauti nne, maneno ya Kilatini. Alianza kuiandika siku mbili baada ya mabomu kuua abiria wa treni Madrid, Machi 2004. Noti zake hazimshindi mwanakwaya wa kawaida. Kazi iko kwenye pumzi na kwenye tuni: hakuna mwendo wa haraka wa kujificha nyuma yake, na besi mmoja akishuka kidogo tu, kanisa zima litamjua.