Vali Iliyofungwa Haitoshi Kuaminiwa

Kila alfajiri wafanyakazi wengi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni na Mbotela, huenda kazini katika viwanda vya Industrial Area. Humo mna mabomba ya mvuke, ya mafuta na ya dawa kali. Siku ya kusimamisha mitambo ili itengenezwe ina hatari yake, kwa maana siku hiyo fundi hufungua kile ambacho siku nyingine hufungwa.

Watu wengi hudhani ya kuwa vali ikiisha kufungwa, bomba ni salama. Sivyo. Vali huchakaa, na uchafu mdogo huweza kuizuia isizibe sawasawa. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kituo cha bomba la mafuta, ikafuata mtaro hadi kijiji cha Sinai, karibu na barabara ya Lunga Lunga. Watu walikwenda kuichota; moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Ilielezwa baadaye ya kuwa gasketi ya vali ilishindwa kuhimili nguvu ya mafuta.

Kwa hiyo mafundi wenye hekima hufuata taratibu. Kwanza husimamisha pampu, kisha hufunga vali mbili zinazofuatana, na katikati yake hufungua bomba dogo la kutolea. Likiendelea kutiririka, ni dalili ya kuwa vali ya kwanza inavuja, na kazi haifai kuanza. Kila fundi hutia kufuli lake na kibao chenye jina lake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mwenyewe. Mwisho hutazama kipimo cha nguvu na kuhakikisha ya kuwa mtambo umepoa na ni mtupu. Mtu akitaka kuingia ndani ya tangi, hata vali mbili hazitoshi: bomba hukatwa, au huzibwa kwa bamba la chuma.

Msimamizi mwenye haraka huweza kusema kwamba hayo yapoteza wakati. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu mkubwa wake aonapo hatari kubwa, wala haimruhusu mwajiri kumrudisha kazini kabla hatari haijaondolewa.

Husemwa ya kuwa ajali haina kinga. Ajali ya namna hii inayo kinga, nayo ni kufuli na subira.