Mtunzi, Mnakili na Kisanduku Kimoja

Wahakiki tumezoea kudhani kwamba kuhifadhi miswada kwenye kompyuta ni kazi ya mafundi. Yetu sisi ni kusoma na kuhakiki. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Yanakusudia kueleza jinsi aina za maudhui zinavyoundwa katika hifadhi ya kidijitali, na kuonyesha kwamba hatua ya kwanza kabisa ya kazi hiyo ni uhakiki.

Aina ya maudhui ni nini? Ni fomu tu, basi. Unapoingiza picha ya mswada, mfumo hukufungulia visanduku vya kujaza: jina la kazi, muundaji, tarehe, lugha na kadhalika. Hifadhi nyingi huanza na vipengele 15 vya Dublin Core, utaratibu ulioanzia mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin, Ohio, Marekani. Vipengele hivyo ni vya jumla. Vinafaa kitabu, picha, hata ramani. Taabu huanza hapo.

Hebu tutazame mfano. Al-Inkishafi ni utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliunakili kwa hati ya Kiarabu. Sasa umekaa mbele ya kompyuta na picha ya nakala ya Kijuma. Kwenye "muundaji" utaandika nani? Ukimwandika Sayyid Abdalla, mkono wa Kijuma umepotea. Ukimwandika Kijuma, umempa utenzi wa mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa! Na "tarehe" je, ni ya kutunga au ya kunakili? Kipo kisanduku cha "mchangiaji", ni kweli, lakini hakisemi huyo mtu alichangia nini.

Dawa ni kuunda fomu zako mwenyewe. Programu huria ya Omeka S, kwa mfano, inaruhusu jambo hilo kwa njia ya violezo. Tengeneza vitatu: Utenzi, Nakala na Mtu. Mtunzi akae kwenye Utenzi. Mnakili, hati na mahali mswada ulipo vikae kwenye Nakala. Kisha kila Nakala iunganishwe na Utenzi wake, na majina ya watu yaunganishwe na fomu ya Mtu badala ya kuandikwa upya kila mara. La sivyo Muhamadi, Muhammad na Mohamed watakuwa watu watatu.

Halafu amua kisanduku kipi ni cha lazima. Hapa tuwe waangalifu. Ukilazimisha "mtunzi", anayejaza fomu atabuni jina ili mfumo umruhusu kuendelea, na tungo zetu ngapi hazina mtunzi anayejulikana? Lazimisha mahali nakala ilipo; mtunzi mwache wazi. Kwa lahaja, weka orodha ya kuchagua: Kiamu, Kimvita, Kiunguja na nyinginezo. Mwisho, ijaribu fomu kwa mswada mgumu kuliko yote, ule uliochanika na usio na jina, kabla hujaingiza mia.

Mtafiti wa kesho atatafuta kwa visanduku tulivyoweka sisi. Pasipo na kisanduku cha mnakili, hataweza hata kuuliza Kijuma alinakili tenzi zipi. Wenzangu wa fasihi, tusiwaachie mafundi peke yao fomu hizi. Tukae nao meza moja kabla kisanduku cha kwanza hakijachorwa.