Tusi la Nairobi, Sikio la Mpwani

Wahenga walituusia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwani kidole hupona baada ya siku tatu nne, lakini neno likishatoka halina dawa. Wasia huu twaufahamu sote tuliolelewa Mombasa, Lamu, Malindi, Vanga na kwingineko pwani. Lakini mtu wa pwani akishateremka Nairobi, iwe kwa kazi, kwa masomo au kwa biashara, huyasikia maneno ambayo kwao yangemwinua mzee barazani na bakora mkononi. Na huyasikia vinywani mwa watu wazima, wenye mvi na tai shingoni, wenye wake na watoto. La kushangaza zaidi ni kuwa hapana anayeshtuka. Je, ni watu wa Nairobi waliokosa adabu, au ni masikio yetu yaliyo mepesi mno? Hilo ndilo swali tunalotaka kulitazama leo, bila ya kumwonea mtu na bila ya kujipendelea.

Panda gari namba 46 katikati ya jiji, lile liendalo Kawangware, au lile la Kangemi lishikalo barabara ya Waiyaki. Hujafika nusu ya safari, utakuwa umekwisha kumsikia dereva akimtukana dereva mwenziwe aliyemkata njia, makanga akimtukana abiria aliyechelewa kutoa nauli, na abiria naye akilipa deni hilo pamoja na faida. Hapo hapo, kiti cha nyuma, mabwana wawili wapendanao kama ndugu wanazungumza habari za mpira, na kila sentensi ya tatu ina tusi ndani yake. Si kwa hasira, bali kwa kicheko, kama mpishi atiavyo chumvi mchuzini. Katikati yao amekaa mtoto wa shule na sare yake. Ametulia. Anasikiliza.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya matatu peke yake. Katika maofisi yenye mazulia, na katika mikahawa ya Westlands na Kileleshwa, utawasikia mabibi na mabwana waliosoma sana wakitoa matusi ya Kiingereza waliyoyaokota katika filamu. Ukimwuliza mmoja wao, atakujibu kuwa hajamtukana mtu, hiyo ni lugha tu. Kana kwamba uchafu ukifungwa katika karatasi ya kigeni hugeuka kuwa uvumba!

Yafaa kwanza tufahamiane juu ya maneno. Kiingereza kina neno moja litumikalo kwa kuapa na kwa kutukana pia. Kiswahili kimeyatenga. Kuna kuapa, yaani kulitaja jina la Mwenyezi Mungu ili kuthibitisha usemi. Kuna kulaani na kuapiza, yaani kumwombea mtu shari. Na kuna kutukana. Na matusi nayo yana daraja. Kumwita mtu mjinga au mpumbavu ni tusi, lakini husameheka. Kumwita mbwa au nguruwe ni zito zaidi, hasa kwetu Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao kwetu wanyama hao ni najisi nzito, ioshwayo mara saba, moja yake kwa udongo. La juu kabisa ni lile tuliitalo tusi la nguoni, limvualo mtu au mzazi wake hadharani. Hilo halipigwi chapa gazetini, na huku pwani ndilo lililokwisha kuvunja ndoa na kutenganisha majirani wa ukuta mmoja.

Basi kwa nini tusi hilo hilo, litamkwapo katika barabara ya Tom Mboya, huwafanya watu wacheke, na litamkwapo Mji wa Kale huwafanya washikane mashati? Sababu moja kubwa ni kwamba wengi wa wakazi wa Nairobi hawakunyonyeshwa kwa Kiswahili. Wamenyonyeshwa kwa Kikuyu, kwa Kiluhya, kwa Kijaluo, kwa Kikamba na kwa nyinginezo, Kiswahili wakakikuta njiani, sokoni au shuleni. Wataalamu waliowachunguza watu wenye lugha zaidi ya moja wameona kwamba tusi la lugha ya mama huupiga moyo kwa nguvu zaidi kuliko tusi la lugha ya kujifunza. Bwana wa Kangemi asiyethubutu kulitamka neno hilo kwa Kiluhya mbele ya mama mkwe wake, hulitamka kwa Kiswahili bila ya kusita, kwa kuwa kwake ni neno la kuazima. Kwetu sisi ni neno tulilokatazwa na mama zetu tungali tukitambaa. Na tusimcheke bwana huyo, kwani sisi nasi twafanya vivyo hivyo kwa Kiingereza.

Sababu ya pili iko katika historia. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kando yake. Kiswahili kilipanda bara pamoja na wapagazi, askari na vibarua, lakini katika mashamba ya walowezi na katika majumba ya Wazungu ya Lavington na Kileleshwa hakikuzungumzwa kwa salamu na shairi. Kilizungumzwa kwa amri: lete, ondoa, nenda, na pembeni ya amri likafuata tusi. Kiswahili kile kilichoitwa Kisetla hakikuwa na tafadhali wala ahsante. Mpishi na mtunza bustani waliotukanwa mchana kutwa walirudi kwao jioni wakiwa wamejifunza kwamba lugha hii ndiyo ya kutukania. Wako wengi katika jiji la Nairobi waliorithi Kiswahili cha mlango huo, wala si kosa lao.

Hapo msomaji wa pwani ataanza kujiona msafi. Ngoja kwanza. Neno kubwa katika matusi ya mlowezi lilikuwa ni mshenzi. Nani alimfundisha? Neno hilo ni letu. Waungwana wa miji ya pwani ndio waliojigawia ustaarabu wao wenyewe, na watu wa bara wakawaita washenzi, muda mrefu kabla ya Mzungu kulichukua na kumpiga nalo kila Mwafrika, na mpwani akiwamo. Tusi hilo halikutaja utupu wa mtu, lakini lilimvua utu wake, na huenda hilo likawa zito zaidi. Mtu wa Kawangware akitukumbusha jambo hili, hatuna la kumjibu ila kunyamaza.

Wala si hilo tu. Waulize watu wa bara, watakwambia kuwa waliobobea katika matusi ya nguoni ni vijana wa Mombasa, ambao wakikutana hutangulizana tusi kabla ya salamu. Nasi wenyewe twajua sanaa ya kumchoma mtu bila ya kumtaja. Tunavyo vijembe, tunayo mafumbo, tunayo leso iwezayo kununuliwa kwa ajili ya maandishi yake peke yake ili jirani ayasome mama mwenye nyumba apitapo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi wa mwanzo wa karne ya 19, aliwashambulia mahasimu wa mji wake kwa beti kali, na twamwita gwiji. Kuna pia utani wa babu na mjukuu, na wa mashemeji, ambamo neno kali hupokewa kwa kicheko kwa sababu kila mmoja ajua mpaka wake. Kwa hivyo si kweli kwamba pwani haina ukali wa ulimi. Tulichokuwa nacho ni mipaka: nani amwambie nani, wapi, na mbele ya nani. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye utendi wake katika karne hiyo hiyo ya 19, aliiweka adabu na ulimi mwema katika mambo ya mwanzo ya kumwusia. Mipaka hiyo ndiyo inayovunjika, Nairobi na Mombasa pia.

Tukija kwenye dini, mlango ni mwembamba zaidi. Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, yatukataza kufanyiana dharau na kuitana kwa majina mabaya. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 108, twakatazwa hata kuwatukania wengine wanachokiabudu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu bila ya kujua. Na katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa miongoni mwa madhambi makubwa ni mtu kuwatukana wazazi wake mwenyewe. Masahaba wakastaajabu, vipi mtu aweza kufanya hivyo? Akawaeleza kwamba mtu humtukana mzazi wa mwenziwe, naye mwenziwe akamrudishia. Mafunzo haya yanaingia ndani ya matatu ya Kangemi barabara. Anayemtukania makanga mama yake ndiye aliyemtoa mama yake mwenyewe nyumbani, akamsimamisha kituoni atukanwe mbele ya watu.

Lakini ziko dhambi mbili katika mazungumzo yetu ya kila siku, nasi moja hatuisikii. Simama nje ya Msikiti wa Jamia, ule uliojengwa baina ya 1925 na 1933, kisha tembea kuelekea City Market na madukani. Sikiliza watu wanavyopatana bei. Wallahi sijafaidi hata shilingi! Billahi hii ni bei ya kununulia! Leo hata kijana wa Kangemi asiyekuwa Mwislamu husema "walai" akieleza jinsi alivyochelewa kuamka. Amelipata wapi neno hilo? Amelipata kwetu. Amelisikia likitamkwa mara ishirini kwa siku juu ya jambo la upuzi, akadhani ni pambo la maneno.

Basi tuitazame mizani. Tusi la nguoni likitamkwa karibu nasi, twaziba masikio na kusema astaghfirullah. Jina la Mola likitumika kuuzia shati kuukuu, hatugeuki hata kutazama. Ilhali Mtume ametuonya kuwa kiapo huiuza bidhaa na huiondoa baraka, na Sura ya Al-Maida, aya ya 89, imeeleza kafara ya kiapo kilichokusudiwa kisha kikavunjwa: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa; na asiyeweza afunge siku tatu. Kweli, aya hiyo hiyo yatusamehe viapo vya kupitiwa na ulimi. Lakini msamaha wa kupitiwa si leseni ya kuzoea. Ukiuliza ni lipi zito, tusi la makanga asiyejua uzito wa neno, au kiapo cha uongo cha mwenye kujua anachokitaja, jibu lake latisha.

Wako wasemao kuwa dawa ni sheria. Sheria ipo. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya chamshika atumiaye maneno ya matusi hadharani kwa nia ya kuchochea uvunjaji wa amani, na chaweza kumpeleka jela hadi miezi sita. Bungeni nako, mbunge akitoa neno lisilofaa huamrishwa na Spika alifute na aombe radhi, na akikaidi hutolewa nje. Lakini sheria ina mkono mfupi. Mwaka 2004 kanuni za marehemu John Michuki ziliwavisha madereva wa matatu sare ya buluu na makondakta sare ya damu ya mzee, zikawafunga abiria mikanda. Ulimi haukupatikana mkanda wake. Na viongozi wenyewe hawasaidii. Marehemu Rais Mwai Kibaki, aliyetawala kutoka 2002 hadi 2013, alikuwa msomi mkubwa wa uchumi, lakini wengi humkumbuka kwa neno moja, "pumbavu", na walipolisikia walilicheka badala ya kulichukia. Kicheko cha wakubwa ndicho ruhusa ya wadogo.

Nini la kufanya, basi? Mpwani aliyeko Nairobi asikimbilie ngumi kila alisikiapo tusi. Aujue kwanza asili yake. Amwambie mwenziwe kwa upole: bwana, neno hilo kwetu ni la mama. Wengi huona haya wakielezwa, kwani nao wana mama zao na maneno ya lugha zao wasiyoweza kuyatamka. Pili, tuache neno mshenzi, tulizike. Tatu, tuyaweke majina ya Mwenyezi Mungu mahali pake. Bei ikiwa ni shilingi mia tano, mia tano yatosha kusemwa bila ya shahidi. Na zaidi ya yote, tumtazame yule mtoto wa shule aliyekaa katikati ya mabwana wawili. Yeye hachagui. Hachukui tusi la Nairobi akaacha kiapo cha Mombasa, wala hajui lipi lilikuwa mzaha. Atayabeba yote mpaka nyumbani, na siku moja atayatamka mbele ya bibi yake, naye bibi atauliza: nani amemfundisha mtoto huyu?

Neno halina makali, bali lakata kiumbe,
Wa karibu na wa mbali, huumia, usimwambe,
Mkubwa chunga kauli, mwana naye asiambe,
Na kiapo cha Jalali, sokoni usikilumbe.