Chumo la Mapishi Mtandaoni: Daftari Kwanza, Kuacha Kazi Baadaye



Sifa njema zote zamstahiki Allah (S.W.), Mgawaji wa rizki. Ama baada ya hayo, liko swali ambalo mabinti na mama zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu hutuletea mara kwa mara siku hizi. Wao hupika, hupiga picha, huandika mapishi yao mtandaoni, na watu wengi huwafuata. Je, wakati umefika wa kuacha kazi ya mshahara na kuishika hii peke yake?

Uhalali wa kazi hii hautupi taabu. Bi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara. Bi Zaynab bint Jahsh (R.A.), mkewe Mtume (S.A.W.), alikuwa akifanya kazi ya ngozi kwa mikono yake, na pato lake akilitoa sadaka. Sura An-Nisaa, aya ya 32, yathibitisha kwamba mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma. Linalohitaji kupimwa ni wakati wa kuacha mshahara, na namna chumo lenyewe linavyopatikana.

Tutazame mfano wa mbali ambao hesabu zake ziliwekwa wazi. Mwaka 2010, Lindsay Ostrom, mwalimu wa shule ya msingi katika jimbo la Minnesota, Marekani, alianza kuandika mapishi katika tovuti aliyoiita Pinch of Yum. Mwaka uliofuata, yeye na mumewe Bjork wakaanza kutangaza hesabu ya pato lao la kila mwezi. Hesabu ya kwanza, ya Agosti 2011, ilikuwa dola 21 na senti 97. Kwa pato hilo hakuacha ualimu. Aliendelea kufundisha huku akipika na kuandika nje ya saa za shule, na pato lilipokua ndipo alipoiaga kazi. Wala hawakutegemea matangazo peke yake: Lindsay aliandika na kuuza kitabu cha kielektroniki cha kufundisha upigaji picha za chakula, na baadaye wakaanzisha mafunzo ya kulipia kwa wenye tovuti za mapishi.

Maisha yao si yetu, lakini funzo la daftari ni letu tangu zamani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dada anayetaka kuishi kwa mapishi na anunue daftari. Aandike mchele, nazi, mafuta, gesi na bando za intaneti, kisha aandike kila shilingi iliyoingia. Chakula cha nyumbani na chakula cha kazi avitenganishe, na fedha za kazi aziwekee laini yake ya simu. Pongezi za "mashaa Allah" chini ya picha ya biriani ni dua njema, lakini hazilipi kodi ya nyumba.

Hesabu hiyo nayo itimize mwaka mzima. Katika Ramadhani kila nyumba hutafuta namna ya kupika kaimati, viazi karai na tambi, na watazamaji huongezeka. Ikiisha Idi, soko hupoa. Anayeacha kazi kwa kuitazama Ramadhani peke yake amepima kina cha bahari wakati wa maji kujaa. Pato la mwezi mdogo kuliko yote ndilo la kuulizwa: je, lingetosha chakula, kodi na karo? Likitosha, na akiba ya miezi kadhaa ikawepo, hapo mtu aswali istikhara, ashauriane na watu wake, kisha aamue.

Ajue pia masharti ya njia yenyewe. YouTube, kwa mfano, hugawa pato la matangazo ya video kwa mwenye wafuasi 1,000 waliojisajili, ambaye video zake zimetazamwa kwa saa 4,000 katika miezi 12. Hapa Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya kazi za mtandaoni za mkaazi wa nchi. Na mali ikifika nisabu na kutimiza mwaka, kuna haki ya Zaka, asilimia 2.5.

Sasa tuje kwenye amana, ambayo ndiyo rasilimali kubwa ya kazi hii. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akakemea vikali udanganyifu. Picha ya chakula ni uso wa juu wa rundo. Mama anayesoma mapishi yako atatumia nazi na nyama alizonunua kwa fedha ya taabu. Ukimpa kipimo ambacho hukukijaribu, umemuuzia unyevu. Ukilipwa kusifu mafuta au unga fulani, sema kwamba umelipwa. Ukiandika kitamutamu chenye jelatini, ueleze kwamba huenda ikatokana na nguruwe, na msomaji aitafute ya halali. Tangazo la kamari au pombe likiletwa, likatae hata kama malipo yake yanazidi mshahara wa mwezi. Na mapishi uliyofundishwa na nyanya au jirani, mtaje mwenyewe.

Neno la mwisho ni kwa waume. Pato la mke ni mali yake, na nafaqa ya nyumba haimwondokei mume kwa sababu mkewe amepata wafuasi. Akisaidia, huo ni wema wake, nao una malipo kwa Mola wake. Tumeona nyumba ambazo mume alilegeza mkono mara tu mke alipoanza kupata, na chumo lililokusudiwa kuleta nafuu likaleta ugomvi. Mume na mke wakae mapema wakubaliane: ni sehemu gani ya nyumba itakayoonyeshwa, watoto wataonekana au la, na saa gani kamera huzimwa ili familia ile pamoja.

Asiye na daftari na aanze wiki hii, akiwa bado kazini. Mwaka mmoja si mrefu kwa jambo la maisha, na mshahara ukishaachwa si rahisi kurudiwa. Tunamuomba Allah (S.W.) awabariki wanaochuma kwa halali, na awape familia zetu utulivu katika rizki zao. Aamin.