Sura ya 5: Nishati Tele na Mipaka Inayobaki

Mwaka 1972 watafiti wanne wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, miongoni mwao Donella na Dennis Meadows, walitoa kitabu kuhusu mipaka ya ukuaji, kazi waliyoifanya kwa ajili ya jumuiya ya wasomi na wafanyabiashara iitwayo Klabu ya Roma. Wengi wanakikumbuka kama kitabu kilichosema madini na mafuta yatakwisha. Wachache wanakumbuka jaribio moja lililomo ndani yake. Watafiti waliiambia kompyuta ichukulie kwamba nishati ya nyuklia imemaliza tatizo la uhaba wa malighafi. Ukuaji ulikwama vilevile, safari hii kwa sababu ya uchafuzi. Walipoudhibiti uchafuzi, ardhi ya kilimo nayo ikaelemewa.

Ulikuwa mfano wa hesabu tu, na wachumi walikuwa na haki ya kuukosoa, kwa kuwa bei za sokoni hazikuwa na nafasi ndani yake. Julian Simon, mchumi aliyeiita nishati rasilimali mama, aliwekeana dau na mwanabiolojia Paul Ehrlich mwaka 1980 juu ya bei za metali tano. Miaka kumi baadaye bei zilikuwa zimeshuka, Ehrlich akalipa. Lakini dau lile lilihusu vitu tunavyovichimba. Halikugusa mahali vinapoishia baada ya kutumika, na huko ndiko ugumu uliko.

Hakuna mfano unaolionyesha jambo hili vizuri kama mbolea ya chumvichumvi. Mwaka 1898 mkemia Mwingereza William Crookes aliwaonya wanasayansi wenzake mjini Bristol kwamba ngano ingepungukia walaji. Mashamba ya Ulaya yalitegemea naitrojeni iliyochimbwa katika jangwa la Chile, na akiba ile isingedumu. Crookes hakuishia kwenye onyo. Aliwaambia wakemia wakaitafute naitrojeni hewani, maana asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni gesi hiyo hiyo, ila imefungamana kiasi kwamba mimea haiwezi kuitumia.

Mjerumani Fritz Haber alifanikiwa mwaka 1909. Aliibana naitrojeni pamoja na haidrojeni kwa shinikizo la karibu mara 200 ya lile la hewa, katika joto kali, akapata amonia. Mhandisi Carl Bosch akaligeuza jaribio la mezani kuwa kiwanda, na mwaka 1913 uzalishaji ukaanza Oppau, Ujerumani. Kiwanda hicho hicho kikaja kulisha baruti za Vita Kuu ya Kwanza. Hata hivyo, leo karibu nusu ya watu duniani hula chakula kinachotokana na naitrojeni ya viwandani. Huu ni ushindi halisi wa nishati dhidi ya kikomo cha maumbile, na anayeukana ajiulize watu hao wangekula nini.

Sasa tuifuate naitrojeni hiyo baada ya mkulima kuimwaga shambani. Takriban nusu tu ndiyo inayoingia kwenye mazao. Iliyobaki huchukuliwa na mvua hadi mtoni, huzama kwenye maji ya chini ya ardhi, au hupanda angani ikiwa oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Mto Mississippi hubeba mbolea ya mashamba ya mahindi ya Marekani hadi Ghuba ya Meksiko. Huko mwani hustawi, hufa, na katika kuoza kwake humaliza oksijeni ya maji. Mwaka 2017 eneo lisilo na oksijeni ya kutosha kwa samaki lilizidi kilomita za mraba 22,000, ukubwa unaokaribia Rwanda nzima.

Tuseme basi kesho umeme wa jua unakuwa tele na wa bei ya chini kabisa. Haidrojeni ya kutengenezea amonia itapatikana kwa kupasua maji badala ya kutumia gesi asilia, na moshi wa kiwandani utakwisha. Hilo ni jambo kubwa na tulitake kwa nguvu zote. Ila mzizi wa hindi hautajua kama amonia ilitoka kwenye jua au kwenye gesi. Kitakachovuja kitavuja vilevile, na mbolea ikiwa rahisi zaidi, huenda ikamwagwa kwa wingi zaidi.

Mahali pengine nishati ndiyo inayokiharakisha kikomo. Kwa karne nyingi wavuvi wa Newfoundland, Kanada, waliishi kwa samaki wa bahari ya baridi aliyeuzwa Ulaya akiwa amekaushwa kwa chumvi kama ng'onda. Kuanzia miaka ya 1950 zikaja meli kubwa za dizeli zenye majokofu na vifaa vya kusikilizia samaki kilindini. Mavuno yalifika kileleni mwaka 1968, kisha yakaporomoka, na mwaka 1992 serikali ikapiga marufuku uvuvi ule. Maelfu ya watu walipoteza kazi. Samaki huzaana kwa mwendo wake, na injini haiwezi kuuongeza.

Ninapoyasema haya sitaki yatumiwe kumnyima mtu umeme. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kwamba wakulima wetu wafikie kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Kusini mwa Sahara wastani bado haujafika nusu ya lengo hilo. Kwa mkulima wa Songea au Kakamega, ambaye ardhi yake imechoka, kikomo kinachomuumiza ni cha kukosa. Anastahili mbolea, pampu na umeme, na anastahili kuvipata kwa njia isiyomlazimu kurudia makosa ya Mississippi.

Njia hiyo ipo. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Denmark imeweka sheria juu ya kiasi cha mbolea kwa kila shamba, muda wa kumwaga samadi, matangi ya kuihifadhia, na mimea ya kufunika ardhi baada ya mavuno. Naitrojeni inayozidi mashambani imepungua kwa karibu nusu, na kilimo chao hakikuanguka. Kazi hiyo ilifanywa na wakaguzi, daftari za wakulima na mabishano marefu bungeni, na haijamalizika. Mwaka 2024 nchi hiyo ilikubaliana kupanda hekta 250,000 za misitu mipya, sehemu kubwa kwenye ardhi ya kilimo, kwa kuwa hori zake za bahari bado zinakosa oksijeni.