Newala Inakopesha Mteremko

Oya wana, tuwekane sawa kabla hamjaanza kupaka cheni za baiskeli mafuta. Miji mingi yenye vilima, mshkaji anatoka gheto asubuhi, anakula mlima miguu ikiwa bado ya moto, halafu jioni anateremka home kiulaini, anapiga miluzi. Newala mambo yako kinyume. Sisi tumekaa juu kabisa, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mita 700 na ushee kutoka usawa wa bahari. Ukiacha njia ya Tandahimba inayokwenda juu kwa juu, ukitoka hapa lazima utashuka. Yaani asubuhi unapewa mteremko wa mkopo. Unaula fasta, upepo unaimba masikioni, unajiona bingwa wa baiskeli Tadej Pogačar. Jioni deni lote linakuja, na riba yake ni jua.

Ndo maana mzunguko wa huku unapangwa kuanzia mwisho. Usiniulize tutaanzia wapi, hilo liko wazi. Niulize tutapandia wapi, saa ngapi, na maji yatakuwa yamebaki kiasi gani.

Mchongo wenyewe huu hapa. Unatoka Newala, unapita Kitangari, unazama bondeni mpaka Mtama. Pale unaikamata lami inayotoka Lindi, unaifuata kuelekea magharibi ndani ya bonde la Lukuledi: Nyangao, Nanganga, Ndanda, mpaka Masasi kwenye ile milima ya mawe. Halafu Masasi mpaka Newala, kama kilomita 70, unavuka mto Mwiti kisha unakipandisha kigingi mpaka juu. Jumla ni kilomita 200 na ushee. Kuna wababe watakwambia wanaipiga siku moja. Waache. Kwa baiskeli zetu hizi ni siku mbili, unalala Masasi, na hakuna anayekudai maelezo.

Mbona tusizunguke kinyume, tuanzie Masasi? Wana wengi hapo wanabisha, ila mimi sibanduki. Kwanza, Mtama iko chini kuliko Masasi, kwa hiyo ukirudia Kitangari mlima wa mwisho unauanzia chini zaidi. Pili, kusi. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo unatoka kusini mashariki, na njia ya kutoka Mtama kwenda Masasi inaelekea magharibi, hivyo kusi linakusukuma kwa ubavuni na mgongoni. Tatizo ni siku ya pili: ukitoka Masasi kwenda Newala unalikuta uso kwa uso. Dawa yake ni kuondoka alfajiri wakati upepo bado umelala, ule tambarare yote mapema, jua likianza kukasirika wewe uko kwenye kona za mlima. Atakayeamka saa tatu akaanza kutafuta chapati, huyo atakutana na upepo, jua na kigingi kwa mpigo.

Sasa mlima unaupimaje kabla hujaukuta? Hesabu ya darasani tu. Kimo unachopanda, gawanya kwa urefu wa njia. Tuseme unapanda mita 400 ndani ya kilomita 8, hapo ni asilimia 5 kwa wastani, unabeba kiroho safi. Mita 400 hizo hizo zikibanwa kwenye kilomita 4 zinakuwa asilimia 10, na hapo Phoenix yenye gia moja inakuwa toroli la kusukuma. Wastani nao ni muongo. Unaweza kuwa na kilomita mbili za mserereko halafu kona moja inayosimama mpaka unaliona tairi la mbele linataka kunyanyuka. Ramani ya simu inakupa vimo, ila dereva wa bodaboda anayepita pale kila siku anakwambia ni kona ipi abiria wanashushwa. Mimi namwamini wa bodaboda.

Chuma chenyewe sasa. Mtumba wenye gia ukiupata, shukuru. Ukiwa na gia moja, nenda kwa fundi akubadilishie friwili, akufungie yenye meno mengi. Bondeni utaonekana unazungusha miguu sana na wahuni watakucheka, lakini mlimani watakuwa wanakuona mgongo. Kitu cha pili ni breki, na hapa sileti utani, maana huku mteremko unakuja kwanza, kabla hata mwili haujachangamka. Usibane breki moja kwa moja kutoka juu mpaka chini: ringi inapata moto, raba zinalainika, breki inakataa kushika wakati unaihitaji. Bana, achia, bana, achia, za mbele na nyuma kwa zamu, na punguza mwendo kabla ya kona, siyo ukiwa ndani yake. Raba mpya ni hela ndogo kuliko bandeji. Beba na tyubu ya akiba, viraka, solushen, pampu, na spana ya kufungulia tairi. Wengi wanabeba vyote halafu spana wameiacha nyumbani.

Halafu ulizia hali ya barabara wiki hiyo hiyo. Njia ya Mnivata, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, kilomita 160 pamoja na daraja la Mwiti, ndiyo iliyoingizwa kwenye mradi wa lami, na palipo na ujenzi pana michepuko, vumbi jekundu na magari makubwa. Sehemu uliyoipita fresh mwezi jana leo inaweza kuwa kokoto tupu.

Maji ndo muziki wenyewe. Uwanda wa Makonde hauna mito huku juu. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, maji yanakuja kutokea chini kwenye mabonde. Mradi wa maji Makonde unayavuta kutoka Mitema, bondeni, na kuyapandisha juu kwa pampu. Kabla ya hapo yalipandishwa kwa vichwa. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja mtafiti, Karl Weule, alitembea kutoka Lindi kupitia bonde hili hili la Lukuledi mpaka Masasi, akaja kuweka kambi Newala. Kwenye kitabu chake analalamikia upepo wa hapa, na anaeleza jinsi wenyeji walivyokuwa wakishuka genge kufuata maji na kuyapandisha tena. Wewe unahema na chupa mbili, bibi zako walipanda na mtungi kichwani. Kwa hiyo kausha, kaza.

Kwa vitendo: kabla ya kuanza mlima wa mwisho hakikisha una lita tatu, siyo chupa ndogo ya kupigia picha. Jaza kijiji cha mwisho chini, hata kama husikii kiu. Chupa moja itie sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ile ile wanayopewa watoto wakiharisha, na inafanya kazi kuliko vinywaji vya makopo vyenye picha ya radi.

Msosi hautusumbui. Mfukoni korosho, sokoni ming'oko ya kuchemsha kama msimu umekubali, mihogo, karanga. Ming'oko inakaa tumboni muda mrefu, mwana, haikuachi njiani. Uraka, ile pombe ya mabibo, subiri mpaka umerudi. Najua mabibo yakiiva kila kona kuna mtu anakukaribisha kikombe, na ukiwa na kiu kinateleza, ila uraka na mteremko ni njia fupi ya kwenda kulala hospitali ya Ndanda.

Muda mzuri ni Juni mpaka Septemba. Pakavu, baridi ya Newala asubuhi inauma kidogo, miguu inachelewa kuchoka. Kero yake ni salfa: huo ndo wakati mikorosho inapulizwa unga dhidi ya ubwiriunga, mashine zinaunguruma alfajiri mashambani, na ukipita pale unahema kwa nguvu koo linawasha. Funga kitambaa, vaa miwani. Oktoba minada ya korosho inaanza na malori yaliyoshiba magunia yanajaa barabarani, kisha mvua inafuata. Mimi hapo napaki chuma.

Kuna wana wanasema baiskeli ni ya wasiokuwa na hela ya pikipiki. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika, na wakubwa kibao wakaja kutolewa jasho kwenye vilima vya hapo, kilomita 267.5 kwa wanaume. Chris Froome aliyebeba Tour de France mara nne alianza kufundwa na David Kinjah, Mkenya, kwenye vilima vya Kikuyu. Vilima tunavyo, wana. Tunakosa raba za breki tu.

Sheria ya mwisho kwa kundi letu. Kushuka kwenye baiskeli ukasukuma ruksa, hakuna wa kukucheka, hata mimi kuna kona nasukuma. Kudandia bodi la Fuso likiwa linapanda, marufuku: dereva hakuoni, likirudi nyuma hatukuokoti. Na anayedandia, mzunguko wake unahesabiwa umeishia pale aliposhika bodi, na juu Newala soda za wote analipa yeye.